Kigae chenye sura ya udongo: kipi kimefinyangwa, kipi kimechapwa?

Boksi limeandikwa "terakota". Ukilifungua unakuta kigae cha rangi ya tofali, kingo zake zimepindapinda kidogo kama zilizokatwa kwa kisu, na usoni kuna alama ya mburuzo, kana kwamba fundi alipitisha kidole kabla udongo haujakauka. Kigeuze sasa. Mgongo ni wa kijivu, umenyooka kabisa, una vijifereji vilivyopangwa kwa miraba na chapa ya kiwanda. Ukitazama ubavuni, ile rangi ya tofali imeishia juu kabisa, utando mwembamba kama karatasi, na chini yake ni kijivu kitupu. Hicho si kigae cha terakota. Huenda ni kigumu kuliko terakota yoyote na huenda kikakufaa zaidi, lakini jina lililo kwenye boksi linataja sura yake tu.

Vigae vyenye sura ya udongo na ya mkono vimekuwa mtindo mkubwa, na maneno yake yamesambaa haraka kuliko maana zake: terakota, zellige, kauri ya asili, kazi ya mkono. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kubishana hadi koo zikauke, mmoja akisema zellige yake haijashika doa tangu itandikwe, mwingine akiapa kwamba zellige hunywa mafuta kama mkate. Wote wawili wanasema kweli. Walitandika vitu viwili tofauti vyenye jina moja.

Mkanganyiko huu unafumuka ukitenga maswali matatu ambayo muuzaji kwa kawaida huyajibu kwa neno moja. Kigae kimetengenezwa kwa kitu gani? Kimetengenezwa kwa njia gani? Na kinafanana na nini? Jibu la swali la tatu ndilo linalochapwa kwenye boksi kwa herufi kubwa. Majibu ya mawili ya kwanza ndiyo utakayoishi nayo.

Maneno kwanza

Wengi wetu tumezoea kukiita kila kigae cha sakafuni marumaru. Marumaru halisi ni jiwe, linachimbwa na kukatwa. Kigae cha kauri ni udongo uliochomwa. Terakota ni moja ya kauri hizo: udongo wa kawaida wenye chuma, uliochomwa kwenye joto la nyuzi 900 hadi 1100 hivi, ukabaki na vinyweleo. Porselini nayo ni kauri, ila mchanganyiko wake una udongo mweupe, mchanga wa kwatsi na madini ya feldispa, na huchomwa kwenye nyuzi 1200 hivi mpaka sehemu yake igeuke kioo.

Gleizi ni utando wa kioo unaoyeyushwa juu ya udongo. Engobi ni tope laini la rangi linalopakwa kabla ya kuchoma. Lenyewe halifanyi kioo, hubaki na uso mkavu wa udongo. Zellige ni vigae vya Moroko, hasa vya mji wa Fez, vya udongo wenye gleizi upande mmoja. Na kuna kigae cha saruji chenye maua na nyota za rangi, kilichoenea kutoka Ufaransa katika karne ya 19, ambacho huwekwa rafu moja na hivi vingine ingawa hakijawahi kuuona moto. Hicho ni saruji na rangi iliyobanwa kwenye kalibu ikaachwa ikauke. Tukiweke kando.

Udongo unavyogeuka

Aliyewahi kuona matope ya dimbwi yakikauka juani ameshaona nusu ya somo. Maji yakitoka, udongo husinyaa, na usiposinyaa sawasawa hupasuka. Kigae kilichofinyangwa kikiwa kibichi hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya urefu wake mpaka kitoke tanurini, wakati mwingine kidogo chini ya hapo, wakati mwingine juu. Anayetaka kigae cha sentimita 30 inabidi akate cha sentimita 33 au 34. Upande uliopigwa na upepo hukauka mapema na kuvuta upande wa pili, kona zikainuka. Mkunjo ule mdogo unaouona kwenye kigae cha mkono unatoka hapa. Hakuna aliyeuchora.

Rangi nayo ina sababu yake. Udongo mwekundu ni mwekundu kwa sababu ya oksidi ya chuma. Tanuri likipata hewa ya kutosha, chuma kile hutoka na rangi ya tofali. Likinyimwa hewa, moto huinyang'anya oksidi ile oksijeni yake na kigae hutoka cha kahawia nzito, kijivu au cheusi. Katika tanuri la kuni, kigae kilichokuwa karibu na mdomo wa moto na kile kilichojificha nyuma ya wenzake havitoki na rangi moja, hata kama vimetoka kwenye donge moja la udongo, siku moja, kwa mikono ileile.

Halafu kuna vinyweleo, na hapa ndipo ugomvi mwingi wa sakafuni unapoanzia. Mtungi wa udongo wenye maji hutoka jasho kwa nje, na ndilo linalopoza maji yaliyomo. Bilauri ya kioo haivuji jasho la namna hiyo. Terakota ni ndugu wa mtungi. Porselini imesogea upande wa bilauri: joto kubwa limeyeyusha ile feldispa, nayo imejaza matundu kati ya chembe na chembe. Kiwango cha kimataifa cha vigae, ISO 13006, hupanga kauri kwa kiasi cha maji zinachofyonza. Zinazofyonza asilimia 0.5 ya uzito wake au pungufu ziko daraja la kwanza kabisa, na humo ndimo iliko porselini. Zinazozidi asilimia 10 ziko mwisho. Chukua kigae cha kilo moja: cha porselini hakiwezi kunywa zaidi ya gramu 5 za maji, wakati kigae cha udongo kilichochomwa kwa joto la chini kinaweza kunywa gramu 100 na kuendelea.

Hakuna neno lolote la kibiashara linaloweza kubadili hesabu hiyo. Kigae kinaweza kuitwa terakota na kunywa gramu 5, au kuitwa "kauri bora" na kunywa gramu 150.

Mkono unaacha nini

Zellige ndiyo shule nzuri kuliko zote. Udongo hulowekwa, hukandwa, hukatwa vipande vya mraba vya sentimita 10 hivi, hukaushwa juani na kuchomwa. Kisha hutiwa gleizi usoni na kurudishwa tanurini. Kwa kazi ya michoro, fundi hukaa chini, huweka kigae juu ya chuma, na kukichonga kwa nyundo nzito yenye makali iitwayo menqash, pigo baada ya pigo, hadi kipate umbo la nyota au almasi. Ubavu huchongwa kwa mshazari kuelekea mgongoni ili nyuso zikutane bila pengo. Vipande hupangwa uso ukiwa chini, yaani fundi hufanya kazi yote bila kuziona rangi, kisha humiminiwa lipu mgongoni. Kazi za namna hiyo za karne ya 14 bado zipo ukutani katika madrasa ya Bou Inania, Fez.

Sasa tazama ukuta wa miraba ya zellige nyeupe, mwanga ukiupiga kwa ubavu. Hakuna nyeupe mbili zinazolingana. Gleizi ilipotuama kwenye kibonde imekuwa nzito na kuvuta kijani au kijivu. Ilipopita kwenye mwinuko imekuwa nyembamba na udongo wa chini unachungulia. Kila kigae kimeinama kidogo kivyake, kwa hiyo kimoja kinarudisha mwanga wa dirisha, cha pili kinarudisha dari, cha tatu kimekaa kimya. Ukisogea hatua moja, vilivyokuwa kimya vinawaka. Watu husema ukuta "unacheza", na wakiulizwa kwa nini hutaja rangi. Mimi naona rangi ni theluthi tu. Zilizobaki ni mwinamo wa kigae na tofauti ya mng'ao ndani ya kigae kimoja.

Vitu hivyo vitatu, rangi, mwinamo na mng'ao, ndivyo kiwanda kinachotaka kuiga mkono kinavyolazimika kuviiga. Cha kwanza ni rahisi. Viwili vilivyobaki vimewasumbua wahandisi miaka mingi.

Kiwanda kinaiga vipi

Mwaka 1840 Mwingereza Richard Prosser alisajili hataza (haki ya mvumbuzi) ya njia ya kutengeneza vifungo vya nguo kwa kubana unga mkavu wa udongo katika kalibu. Herbert Minton, mwenye kiwanda cha kauri, aliona haraka kwamba kinachofaa kwa kifungo kinafaa kwa kigae. Tangu hapo kigae cha kiwandani ni ndugu wa kidonge cha dawa: unga wenye unyevu wa asilimia 5 au 6 tu, unaobanwa kwa nguvu kubwa mno. Kwa kuwa maji ni machache, kusinyaa ni kudogo, na kigae hutoka kimenyooka. Siku hizi huingia kwenye tanuri la roli, handaki la moto lenye urefu unaoweza kuzidi mita 100, na kutoka upande wa pili baada ya muda wa saa moja hivi. Tanuri la kuni la mfinyanzi huhesabu siku.

Ilipofika mwisho wa karne ya 19, unyoofu huo ulikuwa umeshawachosha baadhi ya watu. Uingereza, William De Morgan alirudi kwenye vigae vya kupakwa kwa mkono. Marekani, Henry Chapman Mercer alianza mwaka 1898 kutengeneza vigae vya udongo mwekundu vyenye kingo zisizo sawa huko Doylestown, Pennsylvania. Kiwanda chake, chenye sura ya nyumba ya watawa, kilikamilika mwaka 1912. Kwa hiyo anayedhani hamu ya vigae vyenye kasoro ni mtindo wa mitandaoni amechelewa kwa zaidi ya karne moja. Kila mashine inaponyoosha zaidi, kuna anayetamani kilichopinda.

Tofauti ya zama zetu ni kwamba mashine yenyewe imejifunza kupinda. Zamani picha ilipakwa kwenye kigae kwa wavu wa kuchapia, baadaye kwa roli laini zinazobingirika juu yake. Vyote viwili hugusa uso, kwa hiyo uso ulilazimika kuwa karibu bapa. Ukitia bonde, rangi hailifikii. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika ukanda wa viwanda vya vigae wa Castellón, Hispania, zilianza kutumika printa zinazorushia kigae matone ya wino wa madini bila kukigusa. Bonde na kilima vikapata rangi sawa, na picha ya udongo uliopasuka ikaweza kukaa juu ya mipasuko yenyewe. Mwanzoni mambo hayakuoana vizuri: ufa uliochapwa ulipita pale, mfereji uliobanwa ukapita hapa, na jicho likahisi uongo hata kama mwenye jicho hajui umeingilia wapi. Siku hizi vinaoanishwa.

Kuna jambo dogo hapa ambalo hutajwa mara chache. Wino unaostahimili nyuzi 1200 hauna rangi zote. Una kahawia, manjano, rangi ya mchanga, buluu na nyeusi nzuri. Nyekundu kali ya kuwaka ni shida. Rangi za udongo ndizo printa hii inazozimudu vyema kuliko zote. Siwezi kusema mtindo wa udongo umezaliwa kwa sababu hiyo, lakini mashine na mtindo wamekutana mahali ambapo wote wawili wako nyumbani.

Mng'ao ndio uliofuata. Juu ya picha hurushwa gleizi zinazong'aa sehemu moja na kufifia sehemu nyingine, ili mwanga uteleze kama kwenye gleizi iliyotuama. Na kingo zile zilizopinda? Zimo kwenye kalibu. Kuna kichekesho chake: viwanda vilitumia miongo kadhaa kutafuta namna ya kusaga kingo ziwe kama wembe, kisha vikachonga kalibu za kingo za mawimbi.

Sura ngapi ndani ya boksi

Mkono haurudii kazi yake, hata ukitaka. Kiwanda lazima kirudie. Kinachotofautisha kigae kizuri cha kuiga na kibaya ni idadi ya sura, yaani picha tofauti zilizochapwa kabla mfululizo haujaanza upya. Ni kama kitambaa kilichochapwa maua: baada ya urefu fulani, ua lilelile linarudi. Kigae chenye sura nne kitakuumbua sakafuni. Chenye sura 40 au zaidi kinaweza kumpita mtu yeyote asiyepiga magoti.

Mimi hupiga magoti. Fungua maboksi mawili au matatu, utandaze vigae sakafuni bila gundi, kisha chagua alama moja inayojitokeza. Siku moja nilichagua doa jeusi lenye umbo la maharage, karibu na kona. Nililikuta kwenye kigae cha tatu, cha tisa na cha kumi na nne, mahali palepale, na mburuzo uleule wa kidole ukipita chini yake. Ule mburuzo ndio ulionikera. Doa linaweza kusamehewa, lakini kidole kimoja hakipiti mara tatu bila kupotoka hata unywele. Muuzaji aliniambia nizungushe vigae nyuzi 90 na alama hazitaonekana. Alikuwa sahihi nusu: kuzungusha husaidia sana, mradi picha haina mwelekeo.

Hapo hapo soma ubavu wa boksi. Mara nyingi kuna alama ya toni, yaani kundi la rangi la siku ya kuchomwa, na kaliba, yaani kundi la ukubwa halisi. Vigae vya jina moja vyenye toni tofauti vitaonyesha mstari sakafuni. Vyenye kaliba tofauti vitakataa kulingana kwenye viungo. Kuna pia V1 hadi V4, kipimo cha rangi zinavyopishana kwa makusudi kutoka kigae hadi kigae: V1 ni karibu sare, V4 ni kila kimoja na lake. Kigae chenye sura ya udongo lakini cha V1 ni kama mnong'ono kupitia kipaza sauti.

Wabunifu wasioiga

Si kila kigae chenye roho ya udongo hujifanya kimefinyangwa. Baadhi ya kazi ninazozipenda zaidi zinakiri kiwanda waziwazi. Déchirer ya Patricia Urquiola, aliyoibunia kampuni ya Mutina ya Italia mwaka 2008, ni porselini isiyo na gleizi yenye michoro ya mwinuko mdogo sana; rangi ni moja, na kinachofanya kazi yote ni kivuli. Pico ya ndugu Ronan na Erwan Bouroullec, ya kampuni hiyohiyo, imetapakaa vidoti vidogo vinavyohisiwa kwa unyayo kabla ya kuonwa. Hakuna ufa wa uongo humo. Kilichochukuliwa kutoka kwa wafinyanzi ni ukavu wa uso, uzito wa rangi moja, mguso.

Njia nyingine ni kurudi kwenye malighafi. Studio ya Formafantasma ilitumia majivu ya volkano ya Etna kutengeneza gleizi za vigae vya ExCinere, vilivyotolewa na kampuni ya Dzek mwaka 2019. Majivu yale yana chuma kingi, na rangi za kahawia zilizotoka ni za majivu yenyewe kulingana na wingi wake na joto la tanuri. Kigae ni porselini, gleizi ni ya volkano, na hakuna anayedanganywa kuhusu lolote kati ya hayo.

Yanayosemwa na yaliyo kweli

"Cha mkono ni dhaifu." Sakafu za terakota zimedumu karne nyingi, na sababu mojawapo ni kwamba rangi imepita unene wote. Kikisagika, kinachojitokeza ni udongo uleule, na alama za miguu huwa sehemu ya sura yake. Kigae kilichochapwa ni kigumu zaidi kuchubuka, lakini kikichubuka sana unakutana na ile kijivu. Udhaifu wa kweli wa terakota ni kwenye doa na kwenye baridi ya kugandisha: maji yaliyoingia kwenye vinyweleo yakiganda hutanuka na kubandua uso.

"Nyufa za nywele kwenye gleizi ni kigae kibovu." Gleizi na udongo hupoa pamoja tanurini lakini havisinyai sawa. Gleizi ikisinyaa zaidi kuliko mwili wake, inakuwa kama shati linalobana, na lazima liachie mahali. Kwenye zellige hilo ni la kawaida na ukuta hauanguki. Kwenye meza ya kuandalia chakula, hata hivyo, nyufa hizo huficha uchafu, na kuna gleizi za kienyeji zilizotengenezwa kwa madini ya risasi. Kama kigae kitagusana na chakula, dai majibu ya kipimo cha risasi, maneno ya muuzaji hayatoshi.

"Kisichong'aa hakitelezi." Kuna uso mkavu unaoteleza ukilowa, na kuna unaong'aa kidogo wenye chembe zinazoshika mguu. Kinachosema ukweli ni kipimo. Mfumo wa R9 hadi R13 unatokana na mtu aliyevaa viatu kutembea juu ya kigae kilichopakwa mafuta huku sakafu ikiinamishwa taratibu. Namba ikipanda, mshiko umepanda. Ukipanda sana, na ufagio nao unashikwa, kwa hiyo usitafute R12 ya sebuleni.

"Cha udongo wa asili ni rafiki wa mazingira." Huenda ndiyo, huenda hapana. Udongo unaochimbwa karibu na kuchomwa kwa joto la chini una faida yake. Lakini tanuri la kienyeji linalochoma kuni au mabaki ya zeituni hutoa moshi mzito na joto lake jingi hupotea hewani, wakati kiwanda kinaweza kurudisha joto la kupoozea vigae likakaushe vingine. Na kigae kizito kilichovuka bahari kimeshachoma mafuta mengi kabla hakijafika mlangoni. Neno "asili" halijibu lolote kati ya hayo.

Kwenye mikono ya fundi

Kazi nzuri ya mfinyanzi inaweza kuuawa na mtandikaji aliyezoea kigae cha kiwandani. Kigae cha terakota halisi hunyonya maji ya gundi haraka, kwa hiyo lazima kilowanishwe kiasi na kipakwe gundi mgongoni pia. Kabla ya grauti, yaani mchanganyiko wa kujazia viungo, hupakwa dawa ya kuziba vinyweleo, la sivyo grauti ya rangi huingia usoni na haitoki tena. Chumvi nyeupe ikichanua juu yake wiki za mwanzo, kiache kipumue. Ni maji yanayopanda kutoka chini yakibeba chumvi, na kuharakisha kuziba huifungia ndani.

Porselini haihitaji dawa hiyo. Nimeona mtu akiuziwa madumu ya kuzibia vigae visivyo na cha kuziba, na dawa ikakauka juu kama ute wa konokono.

Viungo ndipo wengi wanapopotea. Zellige hukaa bega kwa bega, karibu bila pengo, na fundi akiweka spesa, vile vipande vya kutenganishia vigae, za milimita 3 na kujaza mapengo grauti nyeupe, ukuta unageuka daftari la hesabu. Kigae cha kiwandani chenye kingo za mawimbi kinahitaji pengo kidogo, na rangi ya grauti iliyo karibu na ya kigae, maana grauti inayopingana huchora mstari ulionyooka juu ya kitu kilichogharamiwa kisionekane kimenyooka. Terakota nene yenye kona zilizopinda inahitaji kiungo kipana, milimita 8 au zaidi, kimeze tofauti za ukubwa. Na chochote utakachochagua, fundi achanganye vigae kutoka maboksi kadhaa kwa wakati mmoja. Akimaliza boksi moja ndipo afungue lingine, rangi zitakaa kwa mafungu kama mipaka ya mashamba.

Ukiwa bado dukani na hujui kipi ni kipi, dondosha tone la maji mgongoni mwa kigae, upande usio na gleizi, kisha hesabu polepole. Kwenye terakota tone linafifia na kuacha kivuli cheusi kabla hujafika 30. Kwenye porselini litakaa palepale likikutazama mpaka ulifute. Ukiamua kuchukua cha mkono, nunua ziada kubwa kuliko desturi na uihifadhi, kwa sababu tanuri lililotoa rangi ile haliwezi kuitoa tena.